Shajara ya mradi: kompyuta ya kwanza ya chuo na gemu kwa milioni 1.2

Jumamosi, 25 Oktoba 2025: kazi yenyewe na hela iliyopo

Mpwa wangu anaanza mwaka wa kwanza wa usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi. Baba yake ametenga shilingi 1,200,000 za kompyuta nzima, yaani mashine, monita, kibodi na kila waya. Kuchagua na kuunganisha ni juu yangu. Naandika kila hatua ikikamilika ili mwenye bajeti kama hii apate pa kuanzia, na kila bei nitakayotaja ni ile iliyotoka mfukoni au niliyotajiwa dukani Dar es Salaam, si ya mtandaoni.

Kazi za chuo ni AutoCAD, SketchUp na Revit, programu za kuchorea majengo. Revit haikuelewi chini ya RAM (kumbukumbu ya kazi) 16GB. Leseni za Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, si tatizo, mwanafunzi anazipata bure kwa mwaka mmoja na kuhuisha kila mwaka akiwa bado chuoni. Upande wa gemu kataja Valorant, Counter-Strike 2, GTA V na mpira. "Anko, isije ikawa ya kuandikia ripoti tu," ndiyo ilikuwa kauli yake pekee kuhusu mradi mzima.

Kabla ya kuangalia bei kuna jambo moja linalokata nusu ya mashine zilizojaa madukani. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Valorant ndani ya Windows 11 nayo haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka. Kwa hiyo mashine za kizazi cha 4, cha 6 na cha 7, ambazo ndizo nyingi na ndizo rahisi, nimeziondoa mapema. Najua zipo mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani. Kwa mtu anayetakiwa kukusanya kazi ya studio saa sita usiku, sitaki mbinu.

Zilibaki njia tatu. Ya kwanza ni vipande vipya: Ryzen 5 5600G, mazabodi (ubao mkuu) ya A520, RAM 16GB, SSD (diski ya kuhifadhia), pawasaplai na kasha. 5600G ina grafiki ndani yake, Vega 7, hivyo unaanza bila kadi na kuiongeza hela ikipatikana. Mwenye milioni 2 ningemwambia aende huko moja kwa moja. Kwetu hesabu ya madukani iligota 1,260,000 kabla ya monita, na Vega yenyewe inaazima RAM ya mashine, kwa hiyo Revit na gemu wangekuwa wanagombea sufuria moja.

Ya pili ni laptopu ya mtumba. ThinkPad T480 inaingia kwenye bajeti na inabebeka, ila gemu zake ni za kubembeleza. Binti anaishi nyumbani Kimara na hahitaji kubeba mashine kila siku.

Ya tatu, na ndiyo niliyoichukua: mashine ya ofisi iliyotumika Ulaya, kisha kuiongezea kadi ya grafiki. Hapa wengi huanza na prosesa, halafu kadi, na pawasaplai inakumbukwa mwishoni. Kwa mashine za ofisi mpangilio huo hauna maana. Pawasaplai ndiyo inayosema kadi gani itaingia, na kadi ndiyo inayosema gemu gani zitachezeka. Kwa hiyo nimeanza na wati.

Jumamosi, 1 Novemba 2025: mashine

Nilikuwa natafuta Dell OptiPlex 7060 au ndugu yake wa HP, EliteDesk 800 G4, yenye i5-8500. Prosesa hiyo ni ya 2018, ina kori 6, inakula wati 65 kwenye karatasi za mtengenezaji, na inakubalika Windows 11 bila kelele.

Duka la kwanza Kariakoo nilipewa kitu kingine kabisa.

"Chukua hii braza, i7 hiyo. Laki nne na nusu, na kibodi nakupa."

Nikaiomba iwashwe. i7-4770. Hiyo ni ya 2013, kori 4, RAM za DDR3.

"Lakini i7 ni i7," kijana akasema, na kwa sauti yake nadhani aliamini kabisa.

Ukitoka kwenye shajara hii na kitu kimoja tu, kiwe hiki: tazama namba iliyo baada ya kistari. 4770 ni kizazi cha 4, 8500 ni cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama 10400, soma mbili za mwanzo, hicho ni kizazi cha 10. i5-8500 inaishinda i7-4770 karibu kila mahali na inakubalika Windows 11. Bado i7 inauzwa ghali zaidi kwa sababu ya herufi na tarakimu kwenye kibandiko.

Kisha ukubwa wa kasha. OptiPlex 7060 inakuja kwa maumbo kadhaa. Ile nyembamba, SFF, ndiyo imejaa kila kona na ni rahisi kwa kama shilingi 50,000. Ina pawasaplai ya wati 200 na inapokea kadi fupi tu, zile za nusu kimo. Ile kubwa ya kusimama, MT, ina wati 260 na inapokea kadi za kimo cha kawaida. Watu wengi wanaokoa hiyo 50,000 kwenye kasha. Kadi ya nusu kimo ni adimu Dar, na nilipoulizia nilitajiwa bei iliyozidi ya kawaida kwa 100,000 na zaidi. Nikaamua MT, hata kama ni ya kutafuta.

Halafu hili, maana mafundi wengine watakwambia "pawasaplai tutabadilisha baadaye". Hutabadilisha. Plagi inayoingia kwenye mazabodi ya OptiPlex hizi si ile ya pini 24 ya kawaida, na boksi lake lina umbo lake. Wati 260 ndizo ulizonazo mpaka mwisho wa maisha ya mashine. Na waya wa ziada wa kulishia kadi haupo, kadi itakula kile inachopewa na tundu lake, yaani wati 75. Chochote kinachozidi 75 kisahau.

MT ya kwanza niliyoipata ilikuwa safi kwa macho: i5-8500, 8GB, SSD ya NVMe 256GB, kibandiko cha namba ya mali ya ofisi kimekwanguliwa nusu. Nikabonyeza F2 wakati inawaka ili niingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikadai nywila ya msimamizi. Muuzaji hakuwa nayo, na kwa kweli asingeweza kuwa nayo, maana aliyeiweka ni fundi wa kampuni fulani ng'ambo. Windows ilikuwa inafunguka vizuri tu, kwa hiyo mteja asiyegusa F2 anaondoka nayo akifurahi. Ila bila nywila hiyo huwezi kuwasha Secure Boot wala TPM kama zimezimwa, na huwezi kubadili namna inavyowaka. Dell za mezani huwa na jampa (kipini kidogo) ya kufutia nywila kwenye mazabodi. Nilimwambia muuzaji aijaribu yeye, ikikubali nirudi. Akasema mashine ni nzima, shida ni mimi.

Ya pili, duka la jirani, ilifunguka BIOS bila kuuliza kitu. Nilikagua haya nikiwa nimesimama kaunta: TPM inaonekana kuwa 2.0, RAM inasomeka yote, matundu ya USB yote yanafanya kazi (niliyapitia moja moja kwa flashi), na hali ya SSD kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ilisema asilimia 94. Feni ya prosesa ilikuwa na vumbi lililoganda kama sufi, lakini haikuwa inakwaruza. Bei ilianza 480,000, tukamalizana kwa 430,000 na risiti yenye wiki mbili za kurudisha. Hiyo risiti usiiache, hata kama unapewa punguzo ili uikose.

Jumamosi, 8 Novemba 2025: kadi ya grafiki, sehemu iliyonisumbua

Dari ni wati 75. Hizi ndizo zilizojitokeza.

RX 580 8GB ndiyo kila mtu atakushauri, kwa sababu ni nyingi na kwa bei yake ina nguvu. Inakula wati 185 na inataka waya wa pini 8. Kwetu imekufa hapo hapo. Hata kwa mwenye pawasaplai kubwa, aangalie isiwe ile iliyoandikwa 2048SP. Hiyo ina viini (vitengo vya kuchakata picha) 2048 badala ya 2304 vya RX 580 kamili, na nyingi ya RX 580 zilizoko sokoni zimeshachosha maisha yao kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali.

RX 6400 inakula wati 53 tu, na kwa macho ni kadi ya mashine hizi. Shida ni kwamba inatumia njia 4 tu za PCIe, tundu la kuchomekea kadi. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 hutaona tofauti, lakini OptiPlex 7060 ni PCIe 3.0, na kumbukumbu ya 4GB ikijaa, kadi inaanza kukwama kwama. Pia haina kifaa cha kusimbia video, hivyo kurekodi skrini wakati wa kuwasilisha kazi kungeangukia prosesa.

GTX 1050 Ti inatosha kwa wati na bei. Ila ni kizazi cha Pascal, na NVIDIA ilishatangaza kwamba Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa draiva za kawaida za gemu kwa kizazi hicho. Kinachobaki ni viraka vya usalama. Mtu anayenunua leo kwa ajili ya chuo cha miaka kadhaa hana sababu ya kuanzia hapo.

GTX 1650 ni ya 2019, kizazi cha Turing, viini 896, kumbukumbu 4GB, wati 75. Ndiyo niliyoitaka, kwa masharti mawili. Kwanza, isiwe na tundu la waya wa pini 6. Wapo watengenezaji walioiwekea, na muuzaji atakwambia "ni 1650 ile ile". Kweli ni ile ile, lakini kwenye Dell yako haitawaka. Pili, ikiwezekana iwe ya GDDR6, ambayo kumbukumbu yake inapitisha 192 GB kwa sekunde, dhidi ya 128 ya GDDR5. Majina ni yale yale, boksi ni lile lile, soma maandishi madogo. Ndugu yake 1650 Super ina nguvu zaidi lakini inakula wati 100, kwa hiyo nayo iko nje.

Aliyeshanunua kasha jembamba asikate tamaa: NVIDIA T1000 inakula wati 50, ni fupi na nyembamba, na ina viini 896 vile vile. Matundu yake ni DisplayPort ndogo, kwa hiyo uweke na hela ya adapta.

Sasa tukio la dukani. Nilioneshwa kadi ikiwa kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, imeandikwa 1050 Ti 4GB, bei 250,000. Sikuitaka, lakini muuzaji alisema 1650 yake inakuja jioni, hii nijaribu tu nione ubora wa mali zake. Nikaitazama nyuma: HDMI, DVI, na tundu la bluu la VGA. Hapo nikashtuka. Chipu za NVIDIA kuanzia Pascal hazitoi tena picha ya analogi, na tundu la VGA kwenye kadi inayojiita 1050 Ti ni dalili ya kutosha ya kuuliza maswali. Tukaichomeka kwenye mashine yake ya kupimia. Windows ikaandika GTX 1050 Ti, 4GB, safi kabisa. Muuzaji akanitazama kama wakili aliyeshinda kesi.

Nikachomeka flashi yenye GPU-Z, programu ya kutambua kadi. Kwenye mstari wa jina ikaandika FAKE, na mahali pa chipu ikaandika GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya 2011 yenye viini 192. Kilichofanyika ni kubadili BIOS ya kadi, yaani programu yake ya msingi, ili ijitambulishe kwa jina jipya. Windows inasoma jina hilo na kuliamini. GPU-Z inaiuliza chipu yenyewe.

"Kaka, hiyo programu yako ndiyo mbovu," akasema.

Inawezekana naye aliuziwa hivyo hivyo kwenye mzigo, sikutaka kubishana. Sikusubiri jioni. Lakini yeyote anayenunua kadi ya mtumba mjini asiende bila flashi hiyo. GPU-Z ni ndogo, haihitaji kusakinishwa, na inamaliza ubishi kwa dakika moja. Muuzaji akikataa ichomekwe, umeshapata jibu.

1650 niliyoinunua ilitoka kwa jamaa aliyekuwa na banda la gemu Sinza akaamua kulifunga. GDDR6, haina pini 6, GPU-Z imesoma TU117, chipu halisi ya 1650, na haina neno FAKE. 280,000, na kwa hela hiyo ni bora mara kumi kumlipa mtu anayenionesha kadi ikiwa inafanya kazi kuliko anayenipa boksi jipya lililofungwa.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Nilipoipa mzigo kwa muda wa robo saa ilipanda hadi nyuzi 86 na feni ikawa inapiga kelele kama bloa. Nilifungua skrubu nne za nyuma na kuinua kipoza joto taratibu. Pesti ya kupitishia joto kati ya chipu na kipoza ilikuwa imekuwa unga mkavu, inapukutika ukiigusa. Nikaisafisha kwa spiriti ya dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati ya chipu, nikafunga kwa mtindo wa msalaba. Baada ya hapo ikatulia kwenye nyuzi 71, chumba bila kiyoyozi, Novemba ya Dar. Pesti 8,000, na iliyobaki ikaenda kwenye prosesa, ambayo nayo ilikuwa inaihitaji.

Jumamosi, 15 Novemba 2025: RAM

Mashine ilikuja na 8GB moja. Mpango ulikuwa kuongeza 8GB nyingine, ili zifike 16 na pia zifanye kazi mbili mbili, maana RAM moja peke yake inabana prosesa kwenye gemu.

Bei ya RAM imepanda na inaendelea kupanda. Wauzaji wanalaumu bandari, dola na kila kitu, lakini sababu kubwa ni kwamba watengenezaji wamegeuzia viwanda vyao kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili unde, huku DDR4 yenyewe ikiwa inasukumwa nje ya uzalishaji. Kwa hiyo nilipooneshwa 16GB moja kwa 65,000, bei chini ya kile nilichotajiwa kwa 8GB, nilipaswa kujiuliza. Niliichukua.

Haikuwaka. Taa ya kitufe cha kuwashia ikabaki kupepesa chungwa na nyeupe, skrini giza. Nikatoa, nikafuta meno kwa kifutio, nikabadilisha tundu, hali ile ile. RAM ya zamani peke yake, mashine inawaka vizuri.

Jibu lilikuwa kwenye kibandiko. RAM ya DDR4 inaandikwa kitu kama PC4-2400T, halafu kistari, halafu herufi. Ikifuatiwa na U ni ya kompyuta ya mezani. Ikifuatiwa na R ni ya seva. Zote mbili zina pini 288, mkato uko mahali pamoja, inaingia kwenye tundu na kubana kabisa, lakini kompyuta ya mezani ya kawaida haizungumzi nayo. Ya seva utaitambua pia kwa chipu ndogo ya peke yake iliyokaa katikati ya mstari wa chipu za kumbukumbu. Seva zilizostaafu Ulaya zinashusha RAM hizi kwa wingi, ndiyo maana zina bei ya kuchekesha.

Muuzaji alikuwa muungwana. Alikubali kubadilisha, nikaongeza 20,000 nikapewa 8GB yenye U. Jumla 85,000. Iliandikwa 3200, lakini kwenye 7060 inakimbia 2666, hicho ndicho kikomo cha prosesa hii na mashine za Dell hazina mahali pa kuisukuma. Usilipie kasi ambayo hutaitumia.

Nilinunua pia SSD mpya ya SATA 480GB kwa ajili ya gemu, 85,000, na monita ya mtumba Dell P2317H ya inchi 23 kwa 160,000. Monita nilioneshwa ikiwa na picha nyeupe kamili, kisha nyeusi kamili, kutafuta doa na kingo zinazovuja mwanga. Kibodi na mausi 35,000. Hapo hakuna hadithi.

Jumamosi, 22 Novemba 2025: kuunganisha na Windows

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya kikombe cha chai. Kadi inaingia, SSD inafungwa, waya wa monita unachomekwa kwenye kadi na si kwenye mazabodi. Nalisema hili kwa sababu kila mwaka kuna mtu anacheza kwa grafiki ya prosesa huku kadi ya laki tatu inapulizwa upepo bure.

Windows iliyokuja na mashine niliifuta. Ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa zamani wa kuwaka unaoitwa Legacy na imefunguliwa kwa programu ya wizi, ilhali mashine yenyewe ina leseni halali ya Windows Pro iliyozikwa kwenye BIOS na Dell. Ukisakinisha Windows 11 Pro upya inajisomea leseni hiyo na kujiwasha. Madukani watu wanalipishwa 20,000 hadi 30,000 kuwekewa ya wizi juu ya halali.

OptiPlex hii haina Wi-Fi, na Windows 11 inadai intaneti wakati wa kusakinishwa. Nilichomeka simu kwa waya wa USB nikagawa bando, ikapita. Baadaye nikanunua kidude cha Wi-Fi cha USB, 18,000. Weka tahadhari, masasisho ya kwanza ya Windows pamoja na draiva yanakula bando la maana. Gemu ndiyo usiseme. GTA V niliipakua usiku kwa kifurushi cha usiku.

Valorant ilisakinishwa vizuri, ikagoma kufunguka: VAN9003. Namba hiyo maana yake Secure Boot imezimwa. TPM ilikuwa imewashwa tangu dukani, lakini Secure Boot haikuwa imewashwa. F2, hakikisha mashine inawaka kwa UEFI (mtindo mpya), kisha Secure Boot, Enable, hifadhi. Ikafunguka. Kama Windows yako imewekwa kwa Legacy, ukiwasha UEFI hivi hivi mashine haitaiona Windows kabisa, na hapo ndipo watu wanaamini wameiua. Haijafa, rudisha Legacy iwake, halafu ama ubadilishe diski kwa mbr2gpt, programu iliyomo ndani ya Windows, au usakinishe upya kama nilivyofanya. Fanya hifadhi ya mafaili kwanza.

Jumamosi, 29 Novemba 2025: umeme, matokeo, hesabu

Kimara umeme ukikatika haupigi hodi, na ukirudi unarudi kwa mshindo. Nilipata UPS ya mtumba ya 650VA kwa 60,000. Kwenye jaribio la kwanza nilichomoa plagi ya ukutani na mashine ikazima papo hapo. Betri ilikuwa imekufa, ingawa taa zote za mbele zilikuwa za kijani. Ndani kuna betri ya kawaida ya volti 12, 7Ah, ile ile ya pikipiki za umeme za watoto na taa za dharura. Mpya 50,000. Sasa inatoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa amani, haitoi za kumalizia mechi, na binti ameshaambiwa hivyo. Ukinunua UPS soma wati, usisome VA. Yenye 650VA kwa kawaida inabeba kati ya wati 360 na 390, na mashine hii ikiwa na monita iko kama 200 ikicheza gemu. Kwa ukubwa huo uniti moja ya LUKU ni kama saa tano za gemu, au zaidi ya mara mbili ya hapo kwa kuchora na kuandika.

Matokeo kwa 1920 × 1080. Valorant haishuki chini ya fremu 140 kwa sekunde. Counter-Strike 2 kwa mipangilio ya chini inacheza kati ya 80 na 110, moshi ukijaa inashuka. GTA V kwa mipangilio ya juu kiasi iko juu ya 60. Monita ni ya Hz 60, kwa hiyo nyingi ya fremu hizo hazionekani, nimemfungia 60 kwenye GTA ili kadi ipumue. AutoCAD na SketchUp havina neno. Revit kwa mfano wa nyumba ya ghorofa moja inazunguka laini, na RAM inafika 11GB kivinjari kikiwa wazi. Kurenda (kutoa picha halisi ya mchoro) kwa Blender inawezekana kwa uvumilivu. Lumion, programu nzito ya kurenda, sikuijaribu na sina mpango, kadi ya 4GB haina biashara kule. Kazi za namna hiyo atazifanyia maabara ya chuo.

Jumla yote ni 1,211,000, nauli za bodaboda hazimo. Baba yake alilalamikia hizo elfu kumi na moja, akalipa.

Kilichobaki ni RAM. 7060 ya kasha kubwa ina matundu manne na mawili bado yako wazi. Mwaka wa tatu wa usanifu hautakubali 16GB. Kwa bei za sasa sigusi. Zikishuka nitaongeza 8GB mbili na kuandika hapa zilivyokwenda.